Chipsi za saa nane usiku ziandikwe siku gani? Shajara ya mradi

Januari, katikati ya mwezi

Mradi wenyewe ni jedwali moja la kuhesabu kalori kwenye simu, la watu wawili: mimi na shemeji yangu. Wote tuko kwenye yadi ya makontena upande wa Kurasini, Dar es Salaam, yeye dereva wa foko (forklift), mimi karani wa kuandika namba za makontena yanayoingia na kutoka. Wiki moja tunaingia mchana, inayofuata usiku. Zamu ya usiku ni saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, na mapumziko ya kula ni saa nane. Saa hiyo nje ya geti kuna vitu vitatu vya kununua: chipsi, mishikaki na supu ya pweza.

Lengo langu ni kalori 2,200 kwa siku, la shemeji liko juu kidogo kwa sababu ana mwili kunizidi. Kalori hapa ni ile inayoandikwa kcal nyuma ya pakiti ya biskuti. Mtaalamu atasema hiyo ni kilokalori, na yuko sahihi, lakini mtaani hakuna anayeiita hivyo.

Tulianza na programu ya bure ya simu. Nzuri kwa mambo mengi, ila inafunga hesabu ya siku saa sita kamili usiku. Kwa mtu anayelala saa nne hilo halina neno. Sisi limetuvuruga, na si kwa namna niliyoitarajia. Nilidhani jumla ndizo zitakazoharibika. Kumbe ukiwa kwenye zamu za usiku mfululizo, chipsi za usiku wa jana zinaingia leo, za leo zinaingia kesho, na siku za katikati zinalipana. Zinazoonekana za ajabu ni siku ya kwanza na ya mwisho ya wiki ya usiku tu: moja inasoma kama nimefunga, nyingine kama nimetoka harusini.

Balaa liko kwingine. Nikiamka saa nane mchana, programu inaniambia nimeshatumia zaidi ya nusu ya kalori za leo, wakati sijatia hata maji mdomoni. Basi najibana: chai kavu, matunda, wali kidogo jioni. Naingia kazini na njaa. Halafu inagonga saa sita usiku, na ile simu inanifungulia akaunti mpya ya kalori 2,200, nzima, haijaguswa, saa mbili tu kabla sijasimama mbele ya karai la chipsi. Shemeji alishaielewa zamani. Akisikia njaa saa tano na nusu anatazama saa, anasubiri, na saa sita na dakika tano anakula kwa amani ya moyo.

Januari, mwisho wa mwezi

Tumeacha programu, tumehamia kwenye jedwali letu. Safu ni tarehe, saa, kipindi, chakula, gramu, kalori, nani. Siku mpya inaanza saa kumi na mbili asubuhi, si saa sita usiku.

Njia ya kawaida ya kufanya hivyo ni rahisi. Jedwali linahifadhi tarehe na saa kama namba moja, siku nzima ikiwa 1, kwa hiyo saa sita ni robo ya siku. Ukitoa robo hiyo kabla ya kuchukua tarehe, yaani =INT(A2-6/24), kila kilicholiwa kabla ya saa kumi na mbili asubuhi kinarudi kwenye siku iliyotangulia. Chipsi za saa nane usiku wa kuamkia Jumanne zinabaki Jumatatu, zilikozaliwa.

Ila kuna tatizo ambalo watengenezaji wa programu za ughaibuni hawawezi kuliona. Shemeji anaandika saa kama anavyoisema. Saa nane usiku kwake ni 8:00, na jedwali linaielewa kuwa ni asubuhi watu wanakunywa chai. Nilimwambia aandike 2:00. Akaandika 2:00 siku mbili tatu, akarudi kwenye 8:00. Na sikumlaumu, maana usiku umechoka, mkono una mafuta, nani anaanza kujumlisha na kutoa sita?

Kwa hiyo jedwali ndilo limebadilika. Safu ya saa sasa inapokea saa yetu, 1 mpaka 12, na safu ya kipindi inapokea herufi moja: m kwa mchana, u kwa usiku. Fomula ni =MOD(B2,12)+IF(C2="u",12,0). Yaani baki la saa ukiigawa kwa 12, ujumlishe 12 ikiwa ni usiku. Saa kumi na mbili asubuhi, ambayo ni m, inatoka 0. Saa saba mchana inatoka 7. Saa kumi na mbili jioni tunaiandika u na inatoka 12. Saa nane usiku inatoka 20, saa kumi na moja alfajiri 23. Siku inakwenda 0 hadi 23 bila kuvunjika popote, na tarehe inayoandikwa ni ya siku zamu ilipoanza. Hakuna tena cha kutoa robo. Saa yetu ilikuwa imeshafanya hesabu hiyo kabla ya kompyuta kuzaliwa.

Kanuni moja tumeiweka: saa inayoandikwa ni ya kula, si ya kuandika. Ukijaza asubuhi ulichokula usiku, jaza saa ya usiku. Na ukishakumbuka nusu, andika hiyo nusu, usiache wazi.

Februari, wiki ya usiku

Leo mizani ya jikoni imekwenda kazini ndani ya begi, imefungwa kwenye taulo.

Sababu ni mstari mmoja niliourithi kutoka kwenye ile programu ya zamani: "chips mayai, sahani 1, kalori 520". Haijulikani nani aliuandika na sahani yake ilikuwa ya ukubwa gani. Mlo unaoliwa mara nyingi kuliko wote kwenye jedwali langu ulikuwa umesimama juu ya namba ya mtu nisiyemjua.

Kijana wa chipsi aliniona naweka mizani kwenye meza yake, pembeni ya chupa ya tomato.

"Bosi, unanikagua?"

"Sikukagui wewe, mdogo wangu. Najikagua mimi."

"Haya, pima. Ila usiniletee bwana afya."

Tulipima hatua kwa hatua. Chipsi alizichota kwenye kabati la kioo, zile zilizokaangwa tangu jioni, akazirudisha kwenye mafuta ya moto kidogo zipate uhai. Zilitoka gramu 260. Chupa yake ya mafuta ina matundu kwenye kifuniko, anaikamua juu ya kikaango bila kutazama, mkono unajua wenyewe. Niliipima kabla na baada: tofauti gramu 30. Mayai mawili akayapigia kwenye kikombe cha plastiki, chumvi, akamwaga juu ya chipsi, akageuza kwa sahani. Kikaango kilibaki kikavu, hivyo mafuta yote yaliingia kwenye zege, yaani hiyo chipsi mayai.

Sasa hesabu. Viazi vilivyokaangwa kwenye mafuta mengi vina kama kalori 300 kwa gramu 100, kwa hiyo 780. Yai moja ni sabini na ushee, mawili 145. Mafuta ni kalori 9 kwa gramu, yawe ya alizeti au ya mawese, kwa hiyo 270. Jumla 1,195. Soda ya mililita 350 inaongeza karibu 150. Mlo niliouandika 520 kwa wiki na wiki ni 1,345 ukiwa na soda yake.

Hapo ndipo nilipoona kwamba mjadala wangu wote wa siku ianze saa ngapi ulikuwa wa kupanga vitabu vya duka ambalo droo yake inavuja. Ni mjadala wa lazima, sijutii fomula. Lakini kuhamisha mlo kutoka Jumanne kwenda Jumatatu hakubadilishi jumla ya wiki hata kwa kalori moja. Mafuta ya ile chupa yanaibadilisha kwa maelfu.

Nimempa shemeji namba mpya. Alinyamaza, kisha akauliza kama mayai yakiwa moja inakuwaje.

Februari, siku chache baadaye

Nafuta namba zote za kurithi, naweka zetu. Kwa vyakula vibichi natumia jedwali la viinilishe vya vyakula vya Tanzania lililotolewa 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard. Kenya nao walitoa la kwao 2018. Yote mawili yanafaa kuliko orodha za ng'ambo ambazo ukitafuta matembele unaletewa saladi.

Kwa ugali nimeacha kabisa kutafuta "ugali gramu 100", kwa sababu maji ndiyo yanayoamua. Ugali wa kwetu ni mgumu, wa jirani unatetemeka, na namba moja haiwezi kuwafaa wote. Tunapima unga kabla haujaingia sufuriani. Unga wa mahindi ni kama kalori 360 kwa gramu 100, hivyo nusu kilo ni 1,800. Ugali ukiiva unapimwa mzima. Juzi ulitoka gramu 1,600. Kipande changu cha gramu 400 ni robo yake, basi ni 450. Maji hayana kalori, yaongezwe yapunguzwe, hesabu inasimama.

Mama watoto amekubali mizani ikae jikoni kwa sharti kwamba nisiipeleke mezani wageni wakiwepo.

Februari, mwisho wa mwezi

Shemeji ameniletea sauti ya WhatsApp inayozunguka: chakula cha baada ya saa mbili usiku hakisagiki, kinageuka mafuta moja kwa moja. Anataka tuweke safu ya adhabu, kila kalori ya usiku ihesabiwe moja na nusu.

Nimekataa, lakini si kwa kumcheka, maana saa ya kula si bure kabisa. Mwaka 2022 watafiti wa hospitali ya Brigham and Women's, Boston, walichukua watu 16 wenye uzito mkubwa wakawalisha vyakula vilevile kwa ratiba mbili, moja ikiwa nyuma ya nyingine kwa karibu saa nne. Kwenye ratiba ya kuchelewa watu walisikia njaa zaidi na miili yao ikachoma nishati pungufu kidogo. Kwa hiyo usiku una kodi yake. Kodi hiyo lakini si nusu ya mlo, na mwili haulazi chakula kwenye foleni kusubiri asubuhi.

Utafiti mwingine ndio unaonihusu zaidi. Mwaka 1992, New York, watu waliosema wanakula kidogo na hawapungui walipimwa matumizi yao halisi ya nishati. Ikaonekana wanaandika karibu nusu tu ya wanachokula. Si wote walikuwa wanadanganya kwa makusudi. Watu huandika sahani, hawaandiki kijiko cha mafuta, kipande cha mwenzao, na soda iliyonywewa kwa kusimama. Na usiku kazini ndipo vitu hivyo vinapozidi. Umekula ukiwa umesimama, taa hafifu, nusu ya mishikaki umemega kwa mwenzako, na redio ya msimamizi inakuita. Nani ataandika?

Basi badala ya safu ya adhabu nimeweka alama ya "kadirio" kwa kila mlo ambao haukupimwa. Mwisho wa wiki tunaona ni asilimia ngapi ya kalori ni kadirio. Wiki ya mchana kwangu ni kidogo. Wiki ya usiku, zaidi ya nusu. Hilo limenifundisha kuliko uzito wenyewe.

Uzito, kwa kuwa nimeutaja: tumekubaliana kupima mtu akiamka, baada ya haja, kabla ya kula, hata kama kuamka ni saa nane mchana. Baada ya zege yenye chumvi na tomato mizani inaweza kupanda kilo nzima. Shemeji alikasirika, akasema mradi umekufa. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700, na hakuna aliyekula hizo kati ya saa nane na saa moja asubuhi. Ni chumvi imeshika maji, na chakula chenyewe bado kiko tumboni kinasafiri. Siku mbili baadaye kilo ikaondoka bila kuaga.

Ramadhani

Mpangilio wote umepinduka, na kwa mara ya kwanza jedwali limepata siku iliyonyooka. Mwezi mtukufu mpaka wa siku nimeuhamishia magharibi. Siku ya chakula inaanza na futari, inaendelea na chakula cha usiku, inafika daku, halafu kimya hadi jua lizame tena. Kila anachokula mtu kwa ajili ya funga ya Jumanne, kuanzia futari ya Jumatatu jioni hadi daku, kinakaa kwenye tarehe moja. Kwenye fomula, saa kumi na mbili jioni ndiyo imekuwa sifuri badala ya asubuhi, na tarehe inayoandikwa ni ya funga inayokuja. Wanaotumia mpaka wa saa sita usiku watagundua kwamba mwenye kula daku saa tano na nusu na mwenye kula saa tisa wanapata siku tofauti kwa daku ileile.

Kazini daku tunaila saa tisa. Wengi wanabeba wali wa nyumbani, na hapo makadirio yamepungua kwa sababu bakuli lilipimwa kabla ya kutoka.

Futari ndiyo imenishinda, na nimeamua inishinde. Sinia ni moja, mihogo ya nazi, tambi, kalimati, uji wa pilipili manga, mikono sita. Ukiinua sinia kulipima watu wanakutazama kama umeleta mkaguzi wa kodi. Nachoweza kufanya ni hesabu ya sufuria: mihogo iliyomenywa kilo moja ni kama kalori 1,600, tui na sukari nakadiria kwa kuelekea juu, nagawa kwa waliokaa, naongeza kidogo kwa kuwa mimi si mlaji wa wastani. Nikiandika namba ya duara, 900 au 1,100, inatosha. Bi mkubwa alipoona naandika kwenye simu kabla ya kunawa aliuliza kama nalipwa kwa kila tonge.

Aprili

Tumerudi kwenye zamu zinazogeuka, na mpaka wa saa kumi na mbili asubuhi umeonyesha udhaifu wake. Tunatoka saa moja asubuhi, tunakunywa supu na chapati saa mbili, tunalala. Supu hiyo kwa mwili ni chakula cha mwisho cha siku. Kwa jedwali ni cha kwanza cha siku mpya. Shemeji alitaka mpaka uwe kuamka: siku inaanza ukifungua macho, inaisha ukiyafumba. Tuliujaribu. Una mantiki, lakini siku ya kubadilisha zamu mtu anaweza kukaa macho muda mrefu mno, ikatokea "siku" moja yenye milo mitano, na inayofuata yenye miwili. Ukigawa kalori kwa siku za namna hiyo unapata takataka.

Nimerudisha saa kumi na mbili, na nimeongeza safu moja: wastani wa jumla za siku saba za mwisho, =AVERAGE ya seli saba, inajisogeza yenyewe kila siku. Sasa supu ikiangukia huku au kule, wastani unatikisika kidogo tu, na baada ya wiki imezikwa. Rangi nyekundu na kijani nimeziondoa kwenye siku, ziko kwenye wastani peke yake. Ile tabia ya kusubiri saa sita na dakika tano imekufa, kwa sababu hakuna akaunti mpya inayofunguka usiku. Ukila zege leo utaiona kwenye wastani kwa siku saba, iwe uliila saa tano au saa nane.

Mlo wangu wa saa nane kwa sasa ni chipsi nusu bila mayai, mishikaki minne, kachumbari ya kutosha, chai ya rangi vijiko viwili vya sukari. Inafika kama 640. Si chakula cha daktari, lakini naweza kukila mwaka mzima bila kuonea wivu sahani ya jirani. Kijana wa chipsi ananiuliza siku hizi, "leo bila chupa, bosi?" na ananichotea zile kavu zilizotoka karaini sasa hivi.

Uzito unashuka taratibu. Wa shemeji umegoma, na makadirio yake bado yako juu.

Yaliyobaki: kupima supu ya pweza, ambayo nahisi ni nafuu kuliko vyote pale getini ila chumvi yake ni ya bahari nzima, kuweka orodha ya kuchagua ili chakula kisiandikwe kwa majina matatu ("zege", "chipsi mayai", "cm"), na kufunga seli za fomula, maana kuna mtu alizifuta kwa kidole. Shemeji ameomba pia kitufe cha "nimeonja tu" ambacho hakiongezi kalori. Ombi limepokelewa na limekataliwa.